Alama za Barabarani: Makambako na Njombe katika Njia Kuu ya Kaskazini

Msafiri ashikaye Njia Kuu ya Kaskazini huwa na swali moja kila aingiapo mji: hapa pana nini cha kutazama? Afikapo Arusha huonyeshwa mnara wa saa, akaambiwa kuwa yupo katikati ya safari baina ya Cape Town na Cairo. Akiwa Iringa huelekezwa Kalenga, lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, na Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Emil von Zelewski na ambako Wajerumani waliwajengea wafu wao mnara. Lakini afikapo Makambako, swali lake halipati jibu la haraka. Wenyeji watamwonyesha stendi, stesheni ya reli na njia ya kwenda Songea. Naye atakunywa chai, ataongeza mafuta, na atakwenda zake akiamini kwamba amepita mahali pasipokuwa na historia.

Insha hii yataka kuonyesha kuwa imani hiyo si ya kweli. Alama za mji si zile tu zilizosimamishwa kwa saruji na kuandikwa majina ya wakubwa. Makambako na Njombe zina alama nyingi, ila aghalabu ni alama za watu wa kawaida: waliobeba, waliolima barabara, waliosafirishwa na waliochimba. Hazionekani kwa sababu hakuna aliyezitia maandishi, na kisichoandikwa huhifadhiwa na wazee peke yao.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Wazo la kuunganisha Cape Town na Cairo lilikuwa ndoto ya Cecil Rhodes na Waingereza wenziwe, lakini Rhodes alikufa mwaka 1902, na wakati huo nchi yetu, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ilisimama katikati kama mlango uliofungwa. Mlango ukafunguliwa kwa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, njia iliweza kuchorwa kutoka Tunduma hadi Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha na kuingia Kenya. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko hali yake, kwa maana sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Walakini mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, misafara ya magari ya jeshi kutoka Afrika ya Kusini ilipita njia hiyo ikienda Kenya kupigana na Waitalia. Hivyo nyanda za juu za kusini, zilizohesabiwa kuwa pembe ya nchi, ziliwekwa katika njia ya mambo ya dunia.

Makambako ni njia panda. Atokaye Iringa na kutaka kwenda Mbeya hushika mkono wa kulia, na atakaye Njombe na Songea hugeukia kusini. Njia panda haihitaji jumba la fahari ili iwe na maana, kwa kuwa kazi yake ni kutenganisha watu na kuwakutanisha. Tangu zamani za ukoloni hadi miaka iliyokaribia uhuru, njia itokayo Njombe ilikuwa njia ya manamba. Serikali ilitoza kodi, na kodi ilitakiwa kwa fedha. Katika Ubena fedha zilikuwa haba, maana serikali iliihesabu wilaya hiyo kuwa ghala la watu wa kazi kuliko kuwa nchi ya mazao ya biashara. Asiyekuwa na fedha aliweza kutakiwa kulipa kwa mikono yake, na moja ya kazi alizopewa ni kutengeneza barabara. Wengine waliona heri kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuwaandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori yakawachukua vijana wa Njombe na Songea mamia ya kilomita kutoka kwao. Jina la manamba lilitokana na namba walizopewa. Mtu aliondoka nyumbani akiwa na jina la baba yake, akafika shambani akiwa hesabu katika daftari.

Tafakari jambo hili, msomaji. Mtu huyo huyo aliyelima barabara kwa sababu hakuwa na kodi ndiye aliyechukuliwa na lori juu ya barabara hiyo kwenda kuitafuta kodi. Hakuna kinachoeleza utawala wa wakati ule kwa maneno machache zaidi ya hayo. Njia panda ile, basi, ni alama ya watu hao, ijapokuwa haina jiwe.

Makambako ya leo ilikuzwa na mambo mengine. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikaonekana iko katika hatari ya kufungiwa njia yake ya baharini. Mafuta yake yakaanza kupitishwa katika barabara yetu ya udongo kwa malori, na ajali zilikuwa nyingi hata madereva wakaifananisha njia hiyo na jehanamu. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968, na katika miaka iliyofuata barabara ilitiwa lami kwa msaada na mikopo ya Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Nchi mbili hizi hazikutosheka na barabara. Ziliomba reli, na mataifa ya magharibi yalipoikataa kazi hiyo, China iliikubali kwa mkataba wa mwaka 1967.

Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa tarehe 14 Julai 1976, ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Abiria asimamaye katika stesheni ya Makambako huona jengo la kawaida. Ajue kwamba kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi hapo ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Kipande hicho ni chini ya sehemu moja ya kumi ya reli nzima, lakini kilichukua karibu asilimia 30 ya kazi yote ya madaraja, mahandaki na udongo. Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za mita 50. Maelfu ya Watanzania walifanya kazi katika milima hiyo pamoja na Wachina, na wapo waliokufa humo. Kwa hiyo stesheni ya Makambako ni kilele cha jasho, na ingefaa abiria aelezwe hivyo kabla ya kuulizia tikiti.

Tukigeuka kusini tunaingia katika barabara ya Songea, iliyotiwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Baada ya kilomita 60 hivi tutafika Njombe. Nchi hupanda na baridi huzidi. Katika Ubena huu ndimo ulimo msitu wa Nyumbanitu, ambao jina lake kwa Kibena ni nyumba nyeusi. Masimulizi husema kwamba watu walijificha humo wakati wa vita vya karne ya kumi na tisa, Wangoni na Wahehe walipokuwa wakigombania nchi na Wabena wakiwa kati yao. Hakuna mfalme aliyeujenga msitu huo wala serikali iliyoupanda. Wenyeji waliutunza kwa heshima na kwa miiko, na kwa njia hiyo walihifadhi pamoja miti na habari. Nauona kuwa mfano bora wa alama, kwa kuwa umedumu bila ya kuandikwa jina la mtu.

Njombe yenyewe ni mji wa vilima, na tangu mwaka 2012 ni makao ya mkoa uliomegwa kutoka Iringa. Mashamba ya miwati yaliyo karibu na mji yalianzishwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1949 kwa fedha za shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, ili magome yatoe dawa ya kutengenezea ngozi. Kwa baadhi ya vijana huo ulikuwa mwanzo wa kupata mshahara bila ya kupanda lori la mkonge.

Karibu na mji utayaona maporomoko ya Mto Ruhuji. Wengi husimama hapo kupiga picha, na ni haki yao, maana ni mazuri. Lakini maji hayo yana safari yake. Ruhuji huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, hadi bahari ya Hindi. Na huko Rufiji, Ngarambe, ndiko Kinjeketile alikotoa ile dawa ya maji iliyowaunganisha watu wa kabila nyingi dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Mto uliteremka kwenda pwani, na habari ya maji ikapanda kuja milimani. Septemba 1905 Wabena wa mtawala Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, iliyo karibu na Njombe. Hawakufanikiwa. Wajerumani wakajibu kwa bunduki na kwa kuteketeza chakula, na katika nchi zote za Majimaji makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa.

Miaka kumi na moja baadaye jeshi jingine lilifika Njombe. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland na Rhodesia, yakawafukuza Wajerumani na kushika mji. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi wenye mizigo ya risasi na unga vichwani, katika mvua na baridi. Dar es Salaam imesimamishwa sanamu ya askari tangu mwaka 1927, naye ameshika bunduki yenye singe. Huku juu, mpagazi aliyembebea risasi hana sanamu.

Safari yetu iishie katika kata ya Ramadhani, humo humo Njombe. Jina hili si la Kibena. Ni jina la mwezi wa mfungo na la watoto wazaliwao ndani yake, na lilizoeleka pwani kabla ya kusikika katika vilima hivi. Yakobi nalo si la Kibena; ni jina la Biblia lililoletwa na wamisheni. Majina hayo mawili, moja kutoka msikitini na moja kutoka kanisani, yameketi pamoja na Mdandu, Lupembe na Uwemba bila ya kugombana. Yalipandishwa huku na wasafiri, na kukaa kwake ni ushahidi kwamba njia haikuchukua watu tu kuwapeleka mbali. Ilileta pia watu na maneno, nao wakapewa mahali pa kukaa.

Pengine mtu atasema kwamba alama isiyoonekana si alama, na kwamba msafiri hawezi kutazama jasho. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Jicho lahitaji kitu. Lakini jiwe la Lugalo nalo lingekuwa jiwe tu kama hapangekuwa na mtu wa kueleza nani alilala chini yake na kwa sababu gani. Maelezo ndiyo yaifanyayo alama, na maelezo ya Makambako na Njombe yangalipo. Waliochimba reli wakiwa vijana wa miaka ishirini mwaka 1972 sasa wamepita sabini. Waliopanda malori ya SILABU wamebaki wachache mno.

Kwa hiyo kazi hii si ya kungojea serikali ijenge minara. Mwalimu wa historia katika shule yoyote ya Njombe aweza kuwatuma wanafunzi wake kwa babu na bibi zao wakiwa na daftari na maswali machache: ulikwenda wapi, kwa lori gani, ulilipwa nini, nani hakurudi? Majibu yakusanywe, yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kibena, yawekwe katika maktaba ya shule, na muhtasari wake ubandikwe ukutani stendi ya Makambako, mahali ambapo basi husimama dakika ishirini. Msafiri atakayeuliza hapa pana nini cha kutazama atakuwa na muda wa kusoma jibu lake.