Uyoga wa porini Kazimia: namna ya kuutambua kabla ya kuutia kwenye sufuria

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha mwezi wa tisa na wa kumi, wamama na watoto wa Kazimia, teritware ya Fizi, wanaanza kupanda porini kutafuta uyoga. Ni wakati mashamba yamelimwa lakini hayajatoa chakula, na uyoga unasaidia bugali upate mboga. Aina zinazookotwa kila mwaka hazisumbui mtu. Shida iko kwa ule unaotokea mara chache, ambao mtoto anauleta nyumbani na hakuna anayejua jina lake.

Unaota wapi?

Swali la kwanza ni mahali. Uyoga wa kichuguu unaishi pamoja na mchwa: wao ndio wanaoulisha ndani ya ardhi. Mguu wake ni mrefu, unashuka kama mzizi mpaka kwenye nyumba yao, na kila mwaka unarudi palepale. Ndani ya jamaa hii kuna Termitomyces titanicus, ambao kofia yake inaweza kukaribia metre moja kwa upana.

Uyoga mwingine, kama ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta, unaishi na mizizi ya miti ya miombo. Hauwezi kupandwa shambani kama maharagwe. Miti ikikatwa yote kwa ajili ya makala, uyoga huo nao unapotea. Ndiyo sababu moja aina fulani zimekuwa adimu karibu na vijiji.

Namna ya kuuangalia

Usiukate juu juu. Chimba kwa kisu, utoe mguu wote. Kisha angalia mambo haya:

- Chini ya kofia: kuna mistari kama kurasa za kitabu, au vitundu vidogo? Ni ya rangi gani?
- Kwenye mguu: kuna pete?
- Kwenye shina, ndani ya udongo: kuna kifuko au kikombe? Hiyo ni alama ya Amanita, jamaa yenye aina zinazoua. Huko Katanga na Zambia watu wanakula Amanita fulani, lakini ni wale wanaozijua tangu utoto. Asiyezijua aziache.
- Rangi ya unga: weka kofia juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli, acha usiku mzima. Uyoga wa kichuguu unaacha unga wa rangi ya waridi. Kuna mwingine mweupe wenye magamba, unaota kwenye majani na viwanja, unaofanana nao. Huo unaacha unga wa kijani, na unatapisha vibaya sana.

Alama moja peke yake haitoshi. Lazima zote zikubaliane, na mtu anayeujua uyoga huo kwa jina athibitishe.

Maneno yasiyo ya kweli

Wengine wanasema uyoga wenye sumu unageuza kitunguu au mchele kuwa mweusi. Wengine wanasema ukiliwa na wadudu ni mzuri, au ukichemshwa mara mbili sumu inatoka. Si kweli. Sumu ya Amanita zinazoua haiondoki kwa moto wala kwa kuanika, na mdudu anaweza kula kitu kinachoua mtu.

Jambo lingine linahusu waliorudi. Watu wengi wa Fizi walikimbilia Tanzania kwa sababu ya vita vya 1996, na watoto wao wakakulia kambini, kama Nyarugusu. Mtu aliyejifunza uyoga ng'ambo ya ziwa asifikiri unaofanana nao huku ni uleule. Awaulize kwanza wazee wa kijiji.

Mtu akisha kula

Kutapika saa moja mpaka tatu baada ya kula ni kubaya. Lakini kunakoanza baada ya saa sita au zaidi ni kubaya kuliko. Sumu inayoua inachelewa: mgonjwa anatapika na kuhara, kisha anapata nafuu siku moja hivi, jamaa wanafurahi, kumbe ini linaharibika. Wengi wanakufa baada ya nafuu hiyo.

Kwa hiyo mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama amepata nafuu. Wote waliokula sahani ile waende, hata wasiosikia kitu. Wabebe mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, na wamwambie muganga saa waliyokula na saa ugonjwa ulipoanza. Maziwa na mafuta ya mawese si dawa ya sumu hii.

Wamama wenye uzoefu wana desturi nzuri: uyoga usiojulikana hauchanganywi katika kikapu kimoja na unaojulikana, kwa maana kipande kimoja kinatosha kuharibu sufuria nzima. Unawekwa pembeni, unaonyeshwa kwa wazee. Wazee wakikosa jina lake, unatupwa.