Kipanya Hakijafa: Historia Fupi ya Masasisho Pwani ya Bagamoyo

Kompyuta ikipokea toleo jipya la mfumo na kipanya kikagoma, lawama ya kwanza hukiangukia kipanya. Kitachomolewa, kitagongwagongwa mezani, kisha kitanunuliwa kingine. Nashikilia kwamba hukumu hiyo mara nyingi ni ya pupa, na kwamba namna kompyuta zilivyotufikia inaeleza kwa nini tumeizoea. Bagamoyo inafaa kuwa mahali pa kuanzia, maana mji wenyewe umewahi kuhukumiwa hivyo hivyo. Kwa miongo mingi majahazi yalipakia pembe za ndovu katika maji yake mafupi na biashara ikaenda. Kisha Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, na Bagamoyo ikabaki na sifa ya bandari isiyofaa. Bandari ilikuwa ile ile. Vilivyobadilika ni vyombo: meli za mvuke zilitaka kina kirefu, na mizigo ikashuka mabegani mwa wapagazi ikapanda mabehewa.

Tukirudi kwenye kompyuta, ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine liliishia pabaya, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wapo wanaoicheka marufuku hiyo leo. Mimi naiona kuwa uamuzi wa watu waliokwisha kuumia. Lakini ilikuwa na gharama yake. Kipanya, ambacho Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968, kiliingia maofisini na majumbani kwa wenzetu katika miaka ya 1980, wakati huku mlango ulikuwa bado haujafunguliwa sawasawa. Ulipofunguka kabisa, miaka ya 1990, mashine ziliingia za kila rika kwa pamoja, nyingi zikiwa za mtumba au za msaada. Kulikuwa na vipanya vya tundu pana la pini tisa, vya tundu la duara lililoletwa na IBM mwaka 1987, na baadaye vya USB. Fundi kompyuta alilazimika kujua kwamba kile cha tundu la duara huchomekwa kabla ya kuwasha mashine. Ukikichomeka baadaye huenda kisitambuliwe, ingawa ni kizima.

Katika kipindi hicho fundi ndiye aliyeamua mfumo ubadilike lini. Sahani ya CD ilisafiri kutoka Dar es Salaam mfukoni, na aliyepiga Windows upya alikuwepo alipoipiga, akaona kipi kimegoma na baada ya hatua gani. Halafu ikaja intaneti. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007, kilipata kompyuta na intaneti miaka ya 2000 kwa ushirikiano na Sweden, wakati intaneti ya nchi ilikuwa bado ikipitia setilaiti kwa bei kubwa. Kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kushusha mafaili makubwa kukaanza kuwezekana. Kisha Windows 10, mwaka 2015, ikafanya sasisho linalojileta lenyewe kuwa la lazima kwa watumiaji wengi. Hapo ndipo uamuzi ulipotoka mkononi mwa fundi. Mteja anayesema hajagusa kitu anasema kweli, na fundi hana wa kumwuliza nini kilibadilika usiku.

Na swali hilo ndilo la msingi. Kati ya kipanya na mfumo kuna draiva, programu ndogo inayoufanya mfumo ukielewe kifaa. Sasisho linaweza kuibadili, kuifuta, au kuanza kulizima tundu la USB ili kuokoa umeme. Kwa hiyo jaribu kipanya kwenye kompyuta nyingine: kikifanya kazi huko, kesi yake imekwisha. Kihamishie tundu jingine. Washa upya. Kwa kutumia kibodi peke yake, fungua orodha ya vifaa na urudishe draiva ya awali. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Nitaambiwa kipanya ni bei ya chini, na muda wa fundi ni ghali kuliko kifaa. Ni hoja ya haki pale kilichoharibika ni waya. Lakini kama kosa liko kwenye tundu au draiva, kipanya kipya nacho kitagoma, na mteja atakuwa amelipa mara mbili. Wengine watasema dawa ni kutosasisha kabisa. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia katika kompyuta nyingi duniani kupitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuuziba kwa sasisho la mwezi Machi. Walioumia ni ambao hawakulipokea. Anayekataa masasisho anakwepa usumbufu wa asubuhi moja na kujiweka hatarini mwaka mzima.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni huu. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, sasisho la Windows 11 lilifanya vipanya na kibodi za USB zigome katika sehemu ya mfumo inayotumika kuikarabati kompyuta. Vifaa vilikuwa vizima. Vilifanya kazi kama kawaida Windows ikishawaka. Microsoft ilitoa marekebisho siku chache baadaye, na miongoni mwa njia ilizopendekeza kwa waliokwama ilikuwa kutumia kipanya au kibodi ya tundu la duara la mwaka 1987, kwa kompyuta ambazo bado zinalo.