Tathmini ya vibao vya maelekezo

Tathmini ya vibao vya maelekezo ni upimaji wa jinsi mgeni anavyoweza kufika anakokwenda ndani ya hospitali, kituo cha reli, uwanja wa ndege au ofisi ya umma kwa kufuata vibao, bila kuuliza. Kipimo cha haki ni mtu asiyelijua jengo. Mwenyeji aliyezoea kila mlango haoni kasoro.

Chimbuko

Kitabu cha Mmarekani Kevin Lynch kuhusu sura ya mji (1960) ndicho kilichofungua uwanja huu wa kuchunguza jinsi watu wanavyotafuta njia.

Namna ya kupima

Mgeni hupewa safari, tuseme kutoka langoni hadi maabara, kisha mpimaji humfuata kimya na kuandika kila anaposimama, anaporudi nyuma au anapouliza. Hukaguliwa pia ukubwa wa herufi, mwanga na vibao vya njia panda. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa milangoni ni ushahidi mzito: wafanyakazi wamechoka kuulizwa swali lilelile. Utafiti maarufu wa Craig Zimring (1990) katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ulikadiria kuwa kupotea kwa watu kuligharimu zaidi ya dola 220,000 kwa mwaka, na takriban saa 4,500 za wafanyakazi zilitumika kuelekeza wageni.

Upimaji wa alama za picha

Mfano bora wa alama ya picha iliyopimwa ni ile ya mtu anayekimbilia mlangoni, inayoonyesha njia ya dharura. Ilizaliwa Japani baada ya misiba miwili ya moto madukani: Osaka mwaka 1972, walipokufa watu 118, na Kumamoto mwaka 1973, walipokufa zaidi ya 100. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yaliitishwa mashindano yaliyoleta michoro zaidi ya 3,000. Michoro iliyochujwa ilijaribiwa kama inaeleweka na kuonekana hata katika moshi, kisha Yukio Ota na wenzake wakaunyoosha mchoro ulioshinda. Katika shirika la viwango la ISO ulikabiliana na mchoro wa Umoja wa Kisovyeti, ukakubaliwa katika miaka ya 1980.

Leo kiwango cha ISO 9186 hueleza namna ya kuwauliza watu maana ya alama. Viwango vya Marekani vya alama za usalama ni vikali: majibu sahihi yafike asilimia 85, na yaliyopotoka kwa hatari yasizidi asilimia 5.

Afrika Mashariki

Mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS) na Kenya (KEBS) ni wanachama wa ISO. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za umma, mlinzi wa getini na wauguzi bado huwaelekeza wageni.