Koki ya Bafuni Inavuja? Usikimbilie Mpya, Soma Hii ya 1845

Siku moja ina sekunde 86,400. Koki ikidondosha tone kila sekunde, piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka bili mnagawana wapangaji wote. Ugomvi unaanzia hapo.

Koki za zamani zilikuwa na kizibo cha chuma chenye tundu. Ukigeuza, tundu linalingana na bomba, maji yanatoka. Tatizo ni chuma kusugua chuma: kikilika kidogo tu, kuvuja hakuishi. Mwaka 1845, kiwanda kimoja cha Rotherham, Uingereza, kikaja na koki ya skrubu. Ukikaza, skrubu inashuka na kukandamiza kipande laini, enzi hizo ngozi, baadaye mpira. Akili yote iko hapo: kinachochakaa ni kile kipande cha bei chee, koki yenyewe inadumu.

Ndo maana fundi wa mtaani anafunga maji kwenye mita, anafungua kichwa cha koki, anatoa mpira uliolika na kukata mwingine saizi ileile kwenye tyubu kuukuu ya gari. Kazi imeisha. (Tyubu hiyohiyo ukiizungushia bomba lenye ufa, ikavutwa kwelikweli, inasogeza siku tu.)

Ila zile koki za kisasa za kugeuza robo hazina huo mpira. Ndani kuna vipande viwili vya kauri. Kwenye picha zinapendeza sana, ila zikianza kuvuja tyubu haisaidii kitu, na dukani unaweza kuambiwa nunua koki nzima.