Konyagi Isiyo Konyagi: Historia ya Glasi ya Bei Chee Ufipa

Ingia baa yoyote Sumbawanga mjini jioni ya mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imeshika kweli kweli, uagize konyagi. Utaletewa kinywaji cheupe kama maji, ndimu na soda pembeni. Hakuna atakayeuliza kama ulimaanisha ile ya Ufaransa. Kumbe neno ni lile lile: konyagi ni Cognac iliyotamkwa Kiswahili. Jina lilisafiri, kinywaji kikabaki kwao.

Ile ya kwao ni zabibu za eneo linalozunguka mji wa Cognac, mipaka yake ikiwa imewekwa kisheria mwaka 1909. Divai huchemshwa na kukingwa mvuke mara mbili kwenye chombo cha shaba, kisha hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Ile changa kabisa, yenye alama ya VS, lazima ilale miaka 2. VSOP ni miaka 4. XO, tangu 2018, ni miaka 10. Kilevi hakishuki chini ya asilimia 40. Ndiyo maana hata ile inayoitwa ya bei nafuu, kwa mtu wa kawaida si nafuu: unalipia muda.

Konyagi ya Dar es Salaam, inayotengenezwa na Tanzania Distilleries Limited, ina asilimia 35, haina zabibu wala pipa. Iko karibu zaidi na jini. Ziweke zote mbili mezani. VS itauchoma ulimi kidogo, halafu iache harufu ya matunda na mbao. Nyagi inapita moja kwa moja, ndimu inamalizia kazi. Si kwamba moja ni feki. Ni vinywaji viwili tofauti vyenye jina moja, na sababu yake iko kwenye historia.

Ufipa haikuhitaji kufundishwa kunywa. Ulezi ulilowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, na pombe ikapikwa na akina mama. Majirani walioitwa kulima matuta ya ntumba walishukuriwa kwa mtungi. Pombe ile ilikuwa ya siku chache tu, na ilinywewa pamoja.

Pombe kali ndiyo iliyoletwa na sheria juu yake. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliizuia kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakataza hata kuitengeneza huku. Hati ya 1922 iliyowakabidhi Waingereza Tanganyika ikawataka waidhibiti vikali. Lakini mzungu aliendelea na glasi yake. Mpishi wa bwana DC aliweza kubeba chupa ya konyagi mpaka mezani, akaifungua, akaimimina. Kuionja ilikuwa kosa. Mambo yalianza kulegezwa miaka ya 1950.

Ukimnyima mtu chupa hujamnyima kiu. Gongo ikapikwa porini na nyuma ya nyumba: moshi, piwa, machozi ya simba, supu ya mawe, majina yote hayo ni yake. Aliyepika mara nyingi alikuwa mama asiyejulikana jina, mwenye pipa, bomba na ada ya shule ya kulipa, sikio likisikilizia mgambo. Uhuru ulipokuja, sheria ya mwaka 1966 ikaweka utengenezaji wa moshi chini ya leseni. Uganda nao walifanya kama hivyo mwaka mmoja kabla: enguli ya kienyeji ikasafishwa kiwandani, ikatoka Uganda Waragi.

Hapo ndipo Konyagi inapopata maana, miaka ya 1970. Mwananchi aliyekatazwa kinywaji cha bwana sasa alipewa cha kwake, chenye jina la kile kile, kwa bei anayoiweza. Jina lilikuwa limeshinda. Miaka ya kulala kwenye pipa ndiyo haikuja nalo.

Kisha bei ikashuka mpaka chini kabisa: viroba. Kijana wa bodaboda aliweka mfukoni, mwanafunzi akaficha kwenye begi. Zambia, jirani wa Wafipa ng'ambo ya Kasesya, walipiga marufuku vyao, tujilijili, mwaka 2012. Tanzania ikafuata tarehe 1 Machi 2017. Na gongo haikuondoka. Hatari yake si hadithi: Nairobi, mwaka 2000, pombe ya magendo yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100.

Kwa hiyo anayelinganisha vinywaji vikali vya bei chee asiangalie ladha peke yake. Aulize nani kakitengeneza, na kimepewa muda gani. Mfaransa angalau analipwa kwa miaka 2 ya kusubiri. Mama wa Ufipa kusubiri hakuwezi, muhula unafunguliwa Jumatatu.