Kufumbua Herufi Zilizovurugwa

Mchezaji wa Scrabble huwa na vipande saba vya herufi mbele yake, na kazi yake ni kuvipanga vilete neno. Siku hizi iko programu ya kompyuta iwezayo kumsaidia: aiandikie herufi zake, nayo itamtolea mara moja orodha ya maneno yawezekanayo. Yamkini wengi hudhani kuwa jambo hili ni jipya. Lakini sanaa ya kuvuruga herufi na kuzifumbua ni ya kale, na zamani wataalamu waliitumia katika mambo mazito kuliko mchezo.

Mwaka 1610 Galileo, mtaalamu wa Italia, aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali akaona jambo geni. Alitaka nafasi ya kulihakikisha, wala hakupenda mwingine amtangulie kulitangaza. Basi aliandika habari yake kwa Kilatini, akazivuruga herufi zake 37, akazipeleka Prague alikokaa Kepler. Maana yake ilikuwa kwamba ameiona sayari iliyo juu kuliko zote zilizojulikana wakati ule ikiwa na miili mitatu. Kepler alihangaika na herufi hizo, hatimaye akapata mstari wa Kilatini kibovu uwaamkiao pacha, wana wa Mirihi. Haukumjia bure. Mapema mwaka ule ule alikwisha kudhani kwamba Mirihi ina miezi miwili, naye akaliona katika herufi lile alilokuwa nalo moyoni.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1877 Asaph Hall wa Marekani aliiona kweli miezi miwili ya Mirihi. Hivyo Kepler alikosea kusoma, lakini akaangukia ukweli ambao hakuandikiwa. Galileo naye, mwenye fumbo, hakuujua ukweli wote. Mwaka 1659 Huygens alieleza ya kuwa Zohali imezungukwa na pete, na habari hiyo alikuwa ameificha kwa herufi zilizovurugwa tangu 1656.

Robert Hooke wa Uingereza alifuata njia nyingine. Mwaka 1676 alichapisha kanuni yake ya kamani na vitu vinginevyo vivutikavyo kwa herufi 14 zilizopangwa kwa taratibu ya alfabeti: ceiiinosssttuv. Mwaka 1678 aliifumbua: kadiri kitu kinavyovutika, ndivyo nguvu yake ilivyo. Taratibu ile ya alfabeti, iliyokuwa kufuli mkononi mwa Hooke, leo imekuwa ufunguo. Programu yaweza kuzipanga kwa alfabeti herufi za kila neno la kamusi, ikazipanga vivyo hivyo herufi za mchezaji, kisha ikatafuta zinazolingana. Herufi A, I, L na M hupangika kwa namna 24. Katika hizo, mwenye kujua Kiswahili atatambua mali, mila, lima na imla. Mashine huyatoa yote manne, wala haina sababu ya kupendelea moja.

Mchezoni hilo latosha, kwani neno lolote lililo sahihi hupata alama. Katika elimu halitoshi. Tuitazame miswada yetu ya kale iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Katika mingi ya miswada hiyo herufi moja ilisimama badala ya b na p, hata pata na bata zikaandikwa sawasawa. Hapa herufi hazikuvurugwa, lakini mwenye kuzisoma hana budi kuchagua, kama Kepler alivyochagua. Kulingana kwa herufi ni mwanzo wa ushahidi tu. Neno lililochaguliwa lazima likubaliwe na maneno yaliyo kando yake, na mizani na vina vya ubeti, na mambo yajulikanayo ya zama zile. Tena msomaji ajihoji kama neno hilo limetoka katika mswada, au limetoka katika matumaini yake mwenyewe. Kepler alikuwa bingwa wa elimu ya nyota, na ubingwa wake haukumwokoa.