Tepu Rikoda ya Babu

Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Maskati, juu ya kabati au chini ya kitanda, mna sanduku zito lenye mkono wa kubebea. La kwetu nusura tulitupe siku tuliyohama nyumba. Mama akatuzuia. "Humo," alisema, "mna sauti ya bibi yenu."

Ilikuwa tepu rikoda ya rili, Grundig ya Kijerumani. Mashine za namna hii asili yake ni Ujerumani, ambako kampuni ya AEG ilionyesha ya kwanza mjini Berlin mwaka 1935. Baada ya vita zikaenea duniani, na babu yetu akanunua yake Kuwait.

Kwa nini Kuwait? Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, watu wa Unguja walitawanyika: Mombasa, Dar es Salaam, Cairo, Dubai, Uingereza. Oman yenyewe haikuwa rahisi kuingia. Wakati wa Sultan Said bin Taimur nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na kiasi cha kilomita 10 za lami. Mlango ulifunguka tarehe 23 Julai 1970, alipotawala Sultan Qaboos, akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Babu akaja na nguo zake, vyeti vyake na mashine yake.

Bibi alikuwa bado Mombasa. Simu ilikuwa ghali, na kuandika hakujua. Basi alizungumza mbele ya mashine ya jirani, na rili ikapewa msafiri. Babu akiisikiliza usiku, kisha hujibu kwa njia hiyo hiyo.

Tulipoitoa, mashine ilikuwa imelala zaidi ya miaka thelathini. Tukafanya kosa la haraka: tuliichomeka kwenye umeme na kuweka rili ile ile ya bibi. Gurudumu la mpira linaloivuta tepu lilikuwa limeshakuwa kama ulimbo. Tepu ikajiviringa humo, ikakunjamana, ikakatika. Mpaka tunaufikia umeme, kiasi cha mita tatu zilikwisha haribika. Kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde, hiyo ni nusu dakika.

Tukampelekea fundi mmoja mzee huko Matrah. Alituangalia kwa huruma. "Wanangu, mashine iliyolala haiamshwi kwa kishindo."

Kwanza aliifungua bila ya umeme. Ule mkanda wa mpira wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka kwa joto la miaka. Akaufuta wote na kutia mpya. Gurudumu lile alilibadilisha. Akaondoa kapasita zilizochoka, kisha umeme wa mwanzo akaupitisha kwenye balbu ya taa: kama ndani mna kasoro, balbu huwaka kwa nguvu na mashine husalimika. Vichwa vya kusomea akavisafisha kwa pamba na spiriti. Mwisho akajaribu kwa tepu isiyo na thamani. Ndipo tukaweka ya bibi, na kompyuta ikinakili hapo hapo, maana tepu kongwe pengine hukubali mara moja tu.

Bibi akatoka, na lafudhi yake ya mjini Unguja, na kicheko. Akaanza kuhesabu majina ya wazee wake waliozikwa kisiwani, ili babu awaombee dua. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Kisha kimya cha mkato, na sauti ikarudi: "Na huyo ndiye wa mwisho."

Mama anawakumbuka wawili zaidi. Waliobaki hatuna wa kumuuliza.

Mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kwamba ikifika kiasi cha 2025, mashine, vipuri na mafundi wa tepu watakuwa adimu. Mwaka huo umeshapita. Kwa hiyo mlioko London, Toronto au Dubai, kama mna sanduku kama letu, msilichomeke. Wekeni rili pahala pa baridi na pakavu, mtafuteni fundi, na mnakili. Na kabla ya hayo yote, kaeni na mzee aliye hai, mumuulize majina, muyaandike. Hilo halihitaji umeme.